Utafiti wa miezi mitatu kuhusu haki ya kuandamana: uanzie wapi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza shahada ya sheria na niko Mombasa. Nimepata ufadhili wa utafiti wa miezi mitatu kuhusu haki ya kuandamana na sheria ya katiba, na mwishoni natakiwa kuwasilisha andiko la maneno kama elfu nane. Pendekezo langu lilikuwa 'Haki ya kuandamana nchini Kenya baada ya Katiba ya 2010'. Msimamizi amelirudisha, anasema ni pana mno na lina hisia kuliko hoja. Nilibane vipi? Nisome kesi zipi? Tena nilipanga kuwahoji vijana waliojeruhiwa mwaka 2024. Je, ni sawa?"

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuupata ufadhili huo. Msimamizi wako hakukuonea. Ukitoa wiki za kusoma mwanzoni na mwezi wa kuandika mwishoni, unabaki na wiki sita hivi za kazi yenyewe. Mada uliyoichagua ina ndani yake utafiti usiopungua minne: masharti ya kuitisha maandamano, nguvu ambayo polisi wanaruhusiwa kutumia, kutumwa kwa jeshi mitaani, na mashtaka yanayowakumba waliokamatwa. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse manne. Kuhusu hisia, usizitupe. Zimekuleta kwenye kazi hii na zitakufanya ukeshe usiku. Ila andiko litasimama kwa swali, na swali hilo liwe dogo kiasi kwamba mtu anaweza kukuonyesha umekosea.

Swali ambalo ningekushauri ulichukue nitalieleza kwanza, kisha nitakwambia namna ya kulifanyia kazi.

Anza na maneno yenyewe. Ibara ya 37 ya Katiba ni sentensi moja: kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, ya kukusanyika, kuandamana, kusimama nje ya lango akipinga, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Isome mara kadhaa ukitazama visivyokuwamo. Kibali hakimo. Taarifa haimo. Kiongozi hayumo, mwandalizi hayumo, chama hakimo. Haki amepewa "kila mtu".

Sasa fungua Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kifungu cha 5. Hapa mambo yanabadilika. Anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara au maandamano anatakiwa ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya tarehe yenyewe. Taarifa hiyo itaje jina lake kamili na mahali anapopatikana, tarehe na saa, uwanja au njia itakayopitiwa, na shughuli yote iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mkusanyiko uliofanyika kinyume cha hapo unahesabiwa haramu, na aliyeuitisha ana kosa la jinai.

Sheria hii ni mtoto wa ukoloni. Ilianza mwaka 1950, miaka miwili kabla ya mkoloni kutangaza hali ya hatari. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, mtu alihitaji leseni ya serikali ili kuhutubia hadharani, na ukitaka kujua leseni hiyo ilifanya kazi gani, tazama Julai 1990: Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano Kamukunji, wakawekwa kizuizini siku tatu kabla, na tarehe 7 watu waliojitokeza wakakabiliwa na polisi. Ndiyo Saba Saba yenyewe. Leseni iliondoka mwaka 1997, baada ya maandamano mengine ya Saba Saba na umwagaji damu mwingine, wabunge wa chama tawala na wa upinzani walipokubaliana kuhusu mageuzi tunayoyaita IPPG. Tangu hapo kilichobaki kisheria ni taarifa.

Kisheria, nasema. Kwenye kaunta ya kituo cha polisi mambo ni mengine, na hapa ndipo utafiti wako utapata nyama. Mtu anakuja na barua nakala mbili. Afisa anaipokea, anaipiga muhuri wa tarehe, pengine anaiandika kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, na kutoa namba. Kisha anamwambia mwenye barua asubiri majibu. Nimewahi kushika nakala ambayo pembeni ya muhuri wa kupokelewa mtu ameongeza kwa kalamu kwamba shughuli haikuidhinishwa. Hakuweka sababu wala kifungu cha sheria. Ukirudi kwenye kifungu cha 5 hutaona mahali popote panapompa OCS, yaani mkuu wa kituo, mamlaka ya kuidhinisha. Anachoweza ni kumjulisha mwandalizi kwamba kuna mwingine aliyetangulia kutoa taarifa ya mahali na saa hizo hizo, au kuzuia mkusanyiko kukiwa na hatari iliyo wazi, iliyopo au inayokaribia, ya kuvunjika kwa amani. Akinyamaza, ukimya wake si katazo. Lakini wangapi kati ya waandalizi wa kawaida, mathalani kikundi cha kina mama wanaodai maji, wanajua hilo? Wanarudi nyumbani na barua yao, na haki imekwisha pale pale kwenye kaunta bila bomu hata moja la machozi.

Hilo peke yake lingetosha kuwa utafiti. Lakini mwaka 2024 umelifanya liwe gumu zaidi, na kwa mtafiti ugumu huo ni neema.

Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walitangaza wenyewe kwamba hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Mabango yalisambazwa mitandaoni, mijadala ikafanyika usiku kucha kwenye X na TikTok, na asubuhi watu wakajitokeza Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret, Nyeri na miji mingine mingi. Sasa nani angeandika barua? Jina la nani lingekaa kwenye nafasi ya mwandalizi? Aliyechora bango, aliyelisambaza, au aliyefungua mjadala? Na kama hakuna aliyeitisha, je, maelfu ya watu waliosimama barabarani kwa amani mchana kweupe walikuwa kwenye mkusanyiko haramu?

Serikali yenyewe ililigusa swali hili. Tarehe 17 Julai 2024, Kaimu Inspekta Jenerali Douglas Kanja alitangaza kwamba maandamano hayataruhusiwa katikati ya jiji la Nairobi na maeneo ya karibu, na mojawapo ya sababu alizotoa ilikuwa kwamba waandamanaji hawana uongozi maalumu, hivyo ni vigumu kusimamia usalama. Kesho yake, kufuatia ombi la Katiba Institute, Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo. Tangazo hilo ni hati muhimu sana kwako. Ndani yake kukosa kiongozi kumegeuzwa kuwa sababu ya kuinyima haki ambayo Katiba haikuifunga kwa kiongozi.

Kwa hiyo swali lako liwe hili: je, sharti la kifungu cha 5 kwamba mwandalizi ajitambulishe na atoe taarifa, likiambatana na adhabu ya jinai, linaweza kuhalalishwa chini ya Ibara ya 24 pale maandamano yanapokuwa hayana mwandalizi? Ni swali moja, kifungu kimoja, mtihani mmoja, na ushahidi ulio karibu miaka hii hii.

Ibara ya 24 ndiyo itakayokubebea andiko, kwa hiyo kaa nayo. Haki ya Ibara ya 37 inaweza kuwekewa mipaka. Haimo kwenye orodha ya Ibara ya 25 ya haki zisizoguswa, kama vile kutoteswa. Lakini mpaka huo uwekwe na sheria, uwe wa busara na unaokubalika katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia, na katika kuupima tutazame aina ya haki yenyewe, umuhimu wa lengo la mpaka, ukubwa wake, uhusiano kati ya mpaka na lengo, na kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo hilo hilo. Waandishi wengi wachanga huvitaja vigezo hivi kwa mkupuo mmoja kisha wakahitimisha kwamba sheria ni mbaya. Usifanye hivyo. Nguvu za andiko lako zipeleke kwenye hicho cha mwisho, njia nyepesi zaidi. Serikali inasema inataka taarifa ili ipange magari, ilinde waandamanaji na iwalinde wengine. Vyema. Je, inahitaji kumfunga mtu ili kupata taarifa hiyo, wakati bango lenye tarehe, saa na mahali limeonekana na nusu ya nchi siku tano kabla? Hapo pana hoja halisi ya kisheria.

Kuna mambo mawili ndani ya Ibara hiyo ambayo watu huyapita. La kwanza, Ibara ya 24(3) inaweka mzigo wa kuthibitisha kwa upande unaotetea mpaka, yaani Serikali. Mwandamanaji hana wajibu wa kueleza kwa nini aliandamana. La pili, Ibara ya 24(2)(a) inasema sheria iliyotungwa baada ya Katiba haitaweka mpaka halali isipokuwa iseme wazi kwamba inakusudia kuibana haki fulani, na kwa kiasi gani. Sura ya 56 ni ya kabla ya 2010, kwa hiyo haiingii moja kwa moja kwenye sharti hilo. Yenyewe inasomwa pamoja na Jedwali la Sita, fungu la 7, linalotaka sheria za zamani zifasiriwe kwa marekebisho yanayohitajika ili ziendane na Katiba. Lakini miswada mipya inaingia. Mwaka 2024 Mbunge wa Mbeere North, Geoffrey Ruku, alileta mswada kuhusu mikutano na maandamano. Mwaka 2025 Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, akaleta wa kuirekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma ili watu wasiandamane ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na Ikulu. Usiijadili kwa kina, ila sehemu fupi inayoonyesha kwamba miswada ya namna hii inabebeshwa mzigo mzito zaidi kuliko sheria ya mkoloni itamfurahisha msimamizi wako, kwa sababu wengi hudhani ni kinyume chake.

Kuhusu kesi: soma chache, uzisome zote hadi mwisho. Kwa namna mahakama zetu zinavyoutumia mtihani wa Ibara ya 24, hakuna mwalimu bora kuliko uamuzi wa majaji watano wa Februari 2015 katika kesi ya CORD, muungano wa upinzani wa wakati huo, dhidi ya Jamhuri, uliobatilisha vifungu vinane vya Sheria ya Usalama ya 2014. Haukuhusu maandamano, lakini utaona hatua kwa hatua jinsi majaji wanavyoiuliza Serikali ithibitishe. Kisha soma uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016 katika kesi ya Ferdinand Waititu na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, uliotokana na maandamano ya kuipinga tume ya uchaguzi, IEBC. Huo unaingia moja kwa moja kwenye Ibara ya 37. Na usisahau amri za muda. Hizi ni kurasa chache, hazina fahari ya hukumu kamili, lakini katika mambo ya maandamano mara nyingi ndizo zinazoamua, kwa kuwa maandamano ni ya Jumanne na hukumu ni ya mwaka kesho. Ile ya Julai 2024 kuhusu katikati ya jiji ni mfano. Nyingine ni ya Agosti mwaka huo huo, iliyotaka polisi wanaosimamia maandamano wavae sare na watambulike.

Nje ya Kenya, kesi itakayokusaidia kuliko zote ni ya Afrika Kusini: Mlungwana dhidi ya Serikali, ya Mahakama ya Katiba, Novemba 2018. Mwaka 2013 wanaharakati wa Social Justice Coalition walienda ofisi za jiji la Cape Town kudai huduma bora za vyoo mitaani. Walipanga wawe kumi na tano tu, kwa sababu chini ya sheria ya huko, iliyotungwa 1993, taarifa inahitajika watu wakizidi kumi na tano. Walijifunga kwa minyororo kwenye vyuma vya ngazi, wakapokezana kwa uangalifu ili idadi isizidi, lakini wengine wakajiunga na idadi ikapita. Hakuna aliyedhurika. Wakashtakiwa kwa kuitisha mkusanyiko bila taarifa, wakatiwa hatiani. Mahakama ya Katiba haikufuta sharti la taarifa. Ilichofuta ni kulifanya kosa la jinai kwa aliyeitisha. Tofauti hiyo ni dhahabu kwako. Inakuonyesha kwamba huna haja ya kubomoa kifungu chote cha 5 ili kushinda hoja. Unaweza kusema taarifa ibaki kama ushirikiano, na jela iondoke.

Kisha, kwa haki kabisa, soma kesi inayokupinga: SATAWU dhidi ya Garvas, mahakama ile ile, mwaka 2012. Maandamano ya walinzi yaliyoitishwa na chama cha wafanyakazi SATAWU huko Cape Town mwaka 2006 yaliharibika, magari na maduka yakavunjwa, na mahakama ikakubali kwamba sheria inaweza kukibebesha chama kilichoitisha maandamano gharama za uharibifu uliotabirika. Serikali yetu ikipata wakili mzuri ataisimamisha kesi hii mbele. Na nyuma yake kuna watu wa kweli: mwenye duka la simu River Road aliyefungua shata na kukuta rafu tupu, ambaye naye ana haki ya mali chini ya Ibara ya 40. Liulize andiko lako: kama hakuna mwandalizi, yeye amdai nani? Usipolijibu swali hilo kwa heshima, msomaji asiyekubaliana nawe ataliacha andiko ukurasa wa tatu. Jibu langu mimi ni kwamba aliyeiba anatafutwa kama mwizi, na kosa lake halihamishwi kwa aliyesimama na bango. Lakini lifikirie mwenyewe, kwa sababu jibu hilo halimpi mwenye duka pesa zake.

Majirani zetu wana funzo jingine, na hili linanisikitisha kila nikilirudia. Tanzania, mwaka 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma aliamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba sharti la kibali cha mkutano linakiuka Ibara ya 20 ya Katiba yao. Leo sheria ya polisi ya huko inataka taarifa ya maandishi ya saa 48. Uganda, mwaka 2008, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha Sheria ya Polisi kilichomwezesha Inspekta Jenerali kuzuia mikutano, katika kesi ya Muwanga Kivumbi. Miaka mitano baadaye Bunge likatunga sheria mpya ya kusimamia utulivu wa umma ambayo kifungu chake cha 8 kiliyarudisha mamlaka yale yale kwa mlango wa nyuma, mpaka mahakama ikakibatilisha nacho Machi 2020. Kibali kinauawa mahakamani, kinafufuka bungeni au kwenye kaunta. Ukiweka nchi hizi aya moja moja, zinatosha. Andiko lako ni la Kenya.

Upande wa kimataifa, Ibara ya 2(6) ya Katiba inauingiza Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kwenye sheria yetu, na Kenya iliuridhia mwaka 1972. Hati unayoihitaji ni Maoni ya Jumla Namba 37 ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ya Julai 2020. Inasema taarifa isigeuzwe kibali, kwamba kukosa taarifa pekee hakuufanyi mkusanyiko uwe haramu, na kwamba mikusanyiko ya ghafla isiyo na muda wa kutoa taarifa isidaiwe taarifa. Miongozo ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ya 2017 inakubaliana nayo. Usizidishe hapo.

Sasa kazi ya mikono. Nakusihi usiandike andiko la hukumu peke yake. Haki ya kuandamana nchini mwetu haiishii Mahakama Kuu. Inaishia kwa hakimu, Jumatatu asubuhi, kwenye hati ya mashtaka ya ukurasa mmoja. Nenda kwenye masjala ya mahakama ya Mombasa, mji unaouishi, badala ya kukimbilia mahakama za Milimani, Nairobi, ambako kila mtu anakwenda. Omba, kwa barua rasmi yenye jina la taasisi inayokufadhili, kusoma mafaili ya waliokamatwa siku za maandamano ya Juni na Julai 2024. Katika kila faili tafuta kifungu kilichotajwa kwenye shtaka, saa ya kukamatwa na saa ya kufikishwa kortini (Ibara ya 49 inasema saa 24), masharti ya dhamana, na kilichotokea mwishoni. Huenda ukakuta kifungu cha 5 hakitajwi kabisa, na badala yake kuna mkusanyiko haramu chini ya Kanuni ya Adhabu, kuzua vurugu, au kuharibu mali. Hilo likitokea, usife moyo, ni matokeo. Linamaanisha kifungu cha 5 kinafanya kazi yake barabarani, kwa kumpa afisa sababu ya kutawanya watu, bila kufika mbele ya hakimu ambaye angeweza kukipima. Na kumbuka mashtaka yamekuwa yakipanda uzito: baada ya maandamano ya Juni 2025, vijana kadhaa walifikishwa Mahakama ya Kahawa wakikabiliwa na sheria ya ugaidi.

Barua ya pili iandike wiki ya kwanza kabisa, kabla hata ya kusoma kesi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Waandikie polisi wa kaunti uombe rejista ya taarifa za maandamano walizopokea kati ya Januari 2023 na Desemba 2024: ngapi zilipokelewa, ngapi zilizuiwa, kwa sababu gani iliyoandikwa. Usiombe majina ya watu. Huyahitaji, na ukiyaomba unawapa sababu ya kukunyima. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Ukimya wao nao uandike kwenye andiko kwa tarehe: barua ilipokelewa lini, mhuri wa nani, ukumbusho lini. Wala usione haya kuwafuata kwa miguu.

Kuhusu kuwahoji waliojeruhiwa, jibu langu ni hapana, kwa safari hii. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilipotoa hesabu yake tarehe 1 Julai 2024 ilikuwa imeorodhesha waliokufa 39 na waliojeruhiwa 361, na hesabu ilipanda baadaye. Nyuma ya kila mmoja kuna mtu ambaye pengine ana kesi kortini, au anaogopa kubishiwa hodi usiku. Mahojiano ya namna hiyo yanahitaji kibali cha maadili ya utafiti na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na hata ukivipata kwa haraka bado unahitaji muda wa kujenga imani, mshauri wa kisaikolojia wa kumwelekeza anayelia mbele yako, na mahali salama pa kuweka maneno yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubebesha wajibu huo wewe binafsi. Tena swali lako halihitaji kidonda cha mtu. Halihusu risasi, linahusu barua.

Najua hilo litakuuma, kwa sababu waliokufa ndio waliokuleta. Basi wape nafasi kupitia kumbukumbu ambazo tayari ziko hadharani. Faili ya uchunguzi wa kifo cha mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, aliyekuwa na umri wa miezi sita polisi walipoingia nyumbani kwao Nyalenda Agosti 2017, ilifunguliwa, mashahidi wakasikilizwa, na mwaka 2019 mahakama ikawataja makamanda wanaopaswa kuwajibika. Soma uamuzi ule ujue ushahidi wa kweli unavyokusanywa, namna daftari za doria na orodha za zamu zinavyozungumza. Walio salama kuhojiwa nao wapo: mawakili waliowatetea waliokamatwa, maafisa wa mashirika ya haki hapo Pwani, na OCS mstaafu kama utampata wa kukubali. Huyo wa mwisho mtafute kwa bidii. Muulize swali moja tu: barua ilipofika mezani kwake, alimpigia nani simu kabla ya kujibu?

Msimamizi akikuambia bado anataka kitu kuhusu jeshi, kwa kuwa kila mtu anakumbuka KDF walivyotangazwa kuingia mitaani tarehe 25 Juni 2024 na Jaji Lawrence Mugambi alivyoliruhusu lakini akataka mipaka na muda wake vichapishwe kwenye Gazeti Rasmi, mwambie kwa adabu kwamba Ibara ya 241 ni andiko jingine la miezi mitatu.

Mpangilio wa maneno elfu nane uachie kifungu na kaunta nafasi kubwa: elfu moja kwa historia kutoka 1950 hadi 1997, elfu tatu kwa mtihani wa Ibara ya 24 ukiwa na Mlungwana na Garvas ndani yake, elfu tatu kwa ulichokikuta masjalani na kwenye majibu ya polisi, kinachobaki kwa pendekezo la sheria. Na pendekezo liandike kama mtunga sheria, kifungu kwa kifungu, si matamanio: taarifa inatolewa na mtu yeyote, hata kwa simu au barua pepe, kukosa taarifa si kosa la jinai, afisa akizuia aandike sababu ndani ya saa 24, na anayezuiwa aweze kwenda kwa hakimu siku hiyo hiyo. Kila mstari wa hapo utakulazimisha kufikiri, kwa mfano nani alipe maduka yakivunjwa, na kama saa 24 zinatosha kwa kituo chenye maafisa sita.

Ukimaliza, toa muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wenye mfano wa barua ya taarifa na maelezo ya kilichomo na kisichomo katika mamlaka ya OCS, uupeleke kwa vikundi vya mtaa huko Likoni, Kisauni na Changamwe. Waambie wabaki na nakala yenye muhuri, na namba ya OB waiandike nyuma yake kabla hawajatoka kituoni.